Uraia wa Kenya: maswali tunayoulizwa kila siku

Kazi yangu ni usaidizi wa kisheria huku Pwani. Siyo wakili. Mimi ndiye yule mtu anayekaa nawe kwenye benchi, akakufungulia bahasha yako ya kaki, akakuonyesha karatasi ipi ina kazi na ipi haina. Maswali yaliyo hapa chini nimeyasikia mara nyingi kiasi kwamba nimeona niyaandike, ili anayekaa mbali na benchi letu naye apate majibu.

Mwanangu nimemzalia hapa hapa Kenya. Si basi yeye ni Mkenya?

Si kwa sababu hiyo. Wengi wanadhani ardhi ndiyo inayomfanya mtu raia, lakini Katiba ya 2010 inaangalia wazazi. Kifungu cha 14 kinasema mtu ni raia wa kuzaliwa ikiwa siku aliyozaliwa, mama yake au baba yake alikuwa raia wa Kenya, na haijalishi alizaliwa Kwale, Muscat au London. Mtoto aliyezaliwa Mombasa na wazazi wawili wageni hawi Mkenya kwa kuzaliwa Mombasa.

Tena lisome vizuri lile neno: mama *au* baba. Mmoja anatosha.

Mimi mama ndiye Mkenya, baba yake ni mgeni. Afisini wameniambia niende nchini kwa baba.

Rudi ukawaambie kwa heshima kwamba hiyo ilikuwa zamani. Chini ya katiba ya kwanza, mtoto aliyezaliwa nje ya Kenya alipata uraia kupitia kwa baba tu. Mama Mkenya aliyejifungulia ng'ambo alirudi nyumbani na mtoto ambaye kwa sheria alikuwa mgeni, akawa anamwombea kibali cha kukaa kana kwamba ni mtalii. Mambo hayo yalikoma tarehe 27 Agosti 2010, siku Katiba mpya ilipoanza kutumika, na Katiba haikuwaacha nyuma waliozaliwa kabla ya siku hiyo. Kifungu cha 14(2) kinawahesabu nao. Kwa hiyo mtu wa miaka hamsini leo, aliyezaliwa nje na mama Mkenya, ni raia wa kuzaliwa, na anachodai ni hati tu.

Na mtoto aliyeokotwa, ambaye hakuna anayewajua wazazi wake?

Akipatikana ndani ya Kenya naye ni, au anaonekana kuwa, chini ya miaka 8, Katiba inamchukulia kuwa raia wa kuzaliwa. Hahitaji kuombewa.

Kitambulisho na uraia, si kitu kimoja?

Hapa ndipo ninapokuomba usome polepole, kwa sababu nusu ya machozi ninayoyaona kwenye benchi yanatoka katika kuchanganya vitu hivi viwili.

Uraia ni hali yako kisheria. Kitambulisho ni karatasi inayoishuhudia hali hiyo. Ukikipoteza baharini leo, wewe bado ni Mkenya. Na afisa anayekupa kitambulisho hakupi uraia. Uraia ulikuwa nao tangu siku uliyozaliwa, yeye anauandika tu. Ndiyo maana Kifungu cha 12 kinasema kila raia ana *haki* ya kupata pasipoti na hati yoyote ya usajili ambayo serikali hutoa kwa raia, na kwamba hati hizo zinaweza kunyimwa au kuchukuliwa tu kwa mujibu wa sheria ya Bunge. Si kwa hasira za mtu, wala kwa sababu jina lako "halisikiki la huku".

Nadhani mkanganyiko huu tumeurithi. Wazee wetu bado wanakiita kitambulisho *kipande*, na neno hilo lina historia yake. Serikali ya kikoloni ilitunga sheria ya kuwasajili wanaume Waafrika mwaka 1915, ikaanza kuitekeleza baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia. Kila mwanaume kuanzia miaka 16 alitembea na karatasi yenye alama za vidole vyake na rekodi ya kazi, ndani ya kikopo cha bati kilichoning'inia shingoni kwa kamba. Kipande kile hakikumwambia mtu "wewe ni wa hapa". Kilimwambia tajiri wake kama huyu ametoroka kazini. Harry Thuku na wenzake walikipinga waziwazi mwanzoni mwa miaka ya 1920. Wanawake nao hawakusajiliwa kupewa vitambulisho hadi sheria ilipobadilishwa mwishoni mwa miaka ya 1970, na ndiyo sababu mabibi wengi hawana karatasi za kuwaonyesha wajukuu wanapoulizwa asili yao.

Nimefunga ndoa na mgeni. Je, ndoa inampa uraia?

Siku ya nikahi hapati kitu. Akikaa katika ndoa na raia kwa angalau miaka 7, anaweza kuomba kuandikishwa kuwa raia, awe mke au mume. Ndoa ya uongo ya kutafutia karatasi inaharibu kila kitu. Na wewe uliyeolewa na mgeni hupotezi uraia wako kwa kuolewa, wala kwa talaka.

Mgeni asiye na ndoa ya Mkenya anaweza kuomba akiwa ameishi nchini kihalali kwa miaka 7 mfululizo. Atatakiwa awe anaweza kuelewa na kuzungumza Kiswahili au lugha mojawapo ya wenyeji, jambo ambalo linanifurahisha kila ninapolisoma.

Naweza kuwa raia wa nchi mbili?

Kwa upande wa Kenya, ndiyo. Raia wa kuzaliwa hapotezi uraia wake kwa kuchukua wa nchi nyingine. Kama uliupoteza kabla ya 2010 kwa sababu hiyo, una haki ya kuomba urudishiwe. Ila uraia pacha lazima uutangaze kwa serikali ndani ya miezi 3. Kuuficha ni kosa lenye faini inayoweza kufika shilingi milioni 5, au kifungo kisichozidi miaka 3, au vyote viwili.

Lakini Kenya kukubali hakumaanishi nchi ya pili inakubali. Watu wetu wengi wana jamaa Oman, na Oman kwa kawaida humtaka anayechukua uraia wake auache wa kwanza. Tanzania nayo hairuhusu mtu mzima kuwa na uraia wa nchi mbili. Hili linawagusa sana watu wa Vanga na Lunga Lunga, ambako mtu anaoa upande wa pili wa mpaka kama anayeoa kijiji cha jirani. Mtoto wa baba Mkenya na mama Mtanzania anaweza kuzibeba zote mbili utotoni, ila akifika miaka 18 sheria ya Tanzania inamtaka achague. Mweleze mapema, asije akashtukizwa.

Jambo moja zaidi: mwenye uraia pacha kwa kawaida hawezi kuwa afisa wa serikali wa ngazi zile Katiba inazoziita za maafisa wa dola, kama vile mbunge, gavana au waziri, isipokuwa ikiwa nchi ile nyingine ilimfanya raia kwa sheria yake bila yeye kuwa na njia ya kukataa. Na anayetaka urais lazima awe raia wa kuzaliwa.

Serikali inaweza kuninyang'anya uraia?

Raia wa kuandikishwa, ndiyo, kwa sababu zilizoorodheshwa katika Kifungu cha 17: aliupata kwa ulaghai, alishirikiana na adui wakati wa vita, alihukumiwa kifungo cha miaka 3 au zaidi ndani ya miaka 5 tangu aandikishwe, au amepatikana na hatia ya uhaini au kosa zito jingine. Raia wa kuzaliwa hulindwa zaidi. Wake hubatilishwa tu kama ilithibitika kwamba msingi wenyewe ulikuwa wa uongo au ulikosewa.

Babu zetu walikuja zamani kufanya kazi kwenye mashamba. Sisi tumezaliwa hapa, wazazi wetu wamezaliwa hapa, na bado hatuna nchi. Tufanye nini?

Swali hili ndilo lililonifanya niingie katika kazi hii.

Mnaowafahamu zaidi ni Wamakonde. Walitoka Msumbiji enzi za ukoloni, wakafanya kazi kwenye mkonge na kwenye miwa ya Ramisi, wakazaa, wakazika wafu wao Kwale. Kenya ilipopata uhuru hakuna aliyewaandika. Miaka zaidi ya hamsini walikaa bila kuwa raia wa popote. Oktoba 2016 walianza safari ya miguu kutoka Kwale kwenda Nairobi kuonana na Rais. Wakapokewa Ikulu, amri ikatoka, na Februari 2017 wakakabidhiwa vitambulisho, wakatambuliwa kuwa kabila la 43 la Kenya. Washona, ambao wazee wao walikuja kutoka Zimbabwe kueneza dini miaka ya 1960, walifuata: tarehe 12 Desemba 2020 Washona wapatao 1,670 walitangazwa kuwa raia. Kisha Wapemba, wavuvi ambao wameishi Kwale, Mombasa, Kilifi na Lamu kwa vizazi, wakatambuliwa mwaka 2023.

Mtu asiyepitia haya anaweza kudhani ni suala la kadi tu. Mkae na mvuvi mmoja ninayemfahamu, nisiyemtaja. Alizaliwa hapa, ana wajukuu. Laini yake ya simu iliandikishwa kwa jina la jirani, kwa hiyo akiuza samaki, pesa huingia kwa jina la jirani, na siku jirani amesafiri, yeye hali. Hawezi kukata leseni ya uvuvi, kwa hiyo boti ya doria ikionekana anageuza mashua, hata kama wavu wake ni halali. Binti yake alifaulu mtihani wa kidato cha nne, na cheti kikakaa kwenye sanduku, kwa kuwa kila mlango wa mbele ulitaka namba ya kitambulisho. Alipokuja zamu yake ya kusajiliwa, wakampaka wino na kubingirisha vidole vyake kwenye karatasi. Yakatoka mabaka meusi matupu. Kamba na chumvi ya miaka arobaini zilikuwa zimezifuta alama zote. Akaambiwa arudi siku nyingine. Alirudi mara tatu, akipaka mafuta ya nazi kila usiku ili ngozi ilainike, na mara ya tatu alama zikashika.

Kisheria, Sheria ya Uraia na Uhamiaji ya 2011 iliweka njia kwa mtu asiye na nchi aliyekuwa akiishi Kenya tangu tarehe 12 Desemba 1963 au kabla, na kwa vizazi vyake. Shida ni kwamba njia hiyo iliwekewa muda, na muda ukaisha huku wengi hawajasikia hata tangazo. Hadi leo, jamii zilizofanikiwa zimefanikiwa kwa kwenda pamoja: zikajiorodhesha nyumba kwa nyumba, zikaandika nani alizaliwa wapi na amezikwa wapi, zikasimama na watetezi wa haki. Mtu mmoja mmoja hurudishwa mlangoni. Kwa hiyo jibu langu ni hilo: anzeni na orodha, leo, kwenye daftari la kawaida.

Mimi ni Mkenya na wazazi wangu wana vitambulisho. Kwa nini mwenzangu wa bara alipewa kwa wiki chache, mimi nikaulizwa kitambulisho cha babu?

Kwa miaka mingi vijana wa kaunti za mpakani, Wanubi wa Kibra, Wasomali, na Waislamu wengi wa Pwani, walipelekwa mbele ya kamati ya wazee na maafisa wa usalama kuhojiwa. Leta cha babu. Leta hati ya shamba. Taja chifu wa mwaka fulani. Mwaka 2011 kamati ya Umoja wa Afrika inayosimamia haki za watoto iliamua kwamba Kenya iliwakosea watoto wa Kinubi kwa kuwaweka katika mashaka ya namna hiyo. Februari 2025, akiwa Wajir, Rais William Ruto alitia saini amri ya kuondoa usaili huo.

Amri imeandikwa, lakini mazoea hayafi siku moja. Ukiulizwa karatasi ambayo mwenzako haulizwi, omba kwa upole uandikiwe ni sheria ipi inayoitaka. Mara nyingi ombi hilo peke yake hufungua mlango. Kifungu cha 27 kinakataza serikali kumbagua mtu kwa kabila, dini au asili.

Kuna pia kundi la Garissa na majirani zake ambao ni Wakenya kabisa, ila walipokuwa watoto familia zao zilijiandikisha kambini Dadaab wakati wa ukame ili wapate chakula na matibabu. Wakifika miaka 18, vidole vyao vinaonekana kwenye daftari la wakimbizi. Kama ni wewe, usidanganye kwamba hukuandikishwa. Eleza ukweli, leta ushahidi wa wazazi, na tafuta msaada wa kisheria mapema.

Haki gani ni za raia tu, na gani ni za kila mtu?

Chukua Katiba yenyewe utazame neno moja. Palipoandikwa "kila mtu", hata mkimbizi na mtalii wamo: haki ya uhai, heshima ya utu, matibabu ya dharura, kutoteswa, kuandamana kwa amani bila silaha, kusikizwa kwa haki mahakamani. Palipoandikwa "kila raia" ndipo tofauti inapoingia: kupiga kura na kugombea, kuingia na kuishi popote nchini, kupata taarifa zilizo mikononi mwa serikali, kupewa pasipoti. Ardhi nayo: asiye raia anaweza kuikodi kwa muda usiozidi miaka 99, hawezi kuimiliki moja kwa moja. Ndiyo, hata viwanja vya ufukweni.

Polisi wakinikamata bila kitambulisho?

Haki zako za Kifungu cha 49 hazitegemei kadi. Uambiwe mara moja, kwa lugha unayoielewa, kwa nini umekamatwa. Unaweza kunyamaza. Uruhusiwe kuwasiliana na wakili na watu wako. Ufikishwe mahakamani ndani ya saa 24, au siku ya kwanza ya mahakama kama saa hizo zimeishia wikendi au sikukuu.

Afisi imekaa na ombi langu miaka miwili. Naweza kudai majibu?

Unaweza, na wachache sana wanalijua hili. Kwa Sheria ya Kupata Habari ya 2016, raia akiomba taarifa kwa maandishi, afisi ya umma inatakiwa kumjibu ndani ya siku 21. Ikiwa jambo linahusu uhai au uhuru wa mtu, ni saa 48. Barua haihitaji maneno makubwa: andika jina lako, namba ya ombi lako, unachotaka kujua, na tarehe. Peleka nakala mbili, moja ipigwe muhuri urudi nayo nyumbani. Bila muhuri, huna barua. Wakikaa kimya, lalamika kwa Tume ya Haki ya Utawala, ambayo kazi yake ni hiyo hiyo. Kifungu cha 35 pia kinakupa haki ya kutaka taarifa ya uongo kukuhusu irekebishwe au ifutwe, na hiyo ni silaha nzuri kwa aliyeandikwa jina au tarehe isiyo yake.

Na nikitaka kwenda mahakamani, sina pesa?

Katiba ilimfikiria mtu kama wewe. Kifungu cha 22 kinasema kufungua kesi ya kudai haki za msingi hakutozwi ada, na mahakama inaweza kupokea hata malalamiko yasiyoandikwa kitaalamu. Mtu mwingine anaweza kukusemea, kama huwezi kwenda mwenyewe.

Tumesikia haki tele. Wajibu je?

Wa kwanza uko mwanzoni kabisa, Kifungu cha 3: kila mtu ana wajibu wa kuiheshimu, kuifuata na kuilinda Katiba. Kulipa ushuru uliowekwa kisheria ni wajibu, na ukishalipa una haki ya kuuliza umeenda wapi, kwa hiyo kikao cha bajeti cha kaunti kikitangazwa kwenye wadi yenu, nenda. Kutunza mazingira nako ni wajibu wa kila mtu, Kifungu cha 69. Anayekata mikoko usiku anavunja sheria hata kama hakuna aliyemwona.

Kuna wajibu mdogo ambao mimi nauweka juu sana: kuandikisha mtoto akizaliwa. Sheria inatoa miezi 6. Aliyejifungulia nyumbani amwendee naibu wa chifu. Aliyejifungulia hospitali asiitupe ile karatasi anayopewa akiruhusiwa. Mama asiyeolewa asiogope, kwa kuwa Mahakama Kuu mwaka 2016 ilibatilisha kipengele kilichomzuia mtoto wa nje ya ndoa kuandikwa jina la baba yake. Mzazi asipofanya hivi, mtoto ndiye atakayelipa, miaka kumi na minane baadaye, kwenye benchi letu.

Na usimwazime mtu kitambulisho chako, hata ndugu. Najua tunafanya kwa huruma. Ni kosa, na ndilo linalowapa maafisa sababu ya kutushuku sote.

Kupiga kura ni lazima?

Si lazima kisheria. Ni haki ya raia wa miaka 18 na zaidi aliyejiandikisha. Uchaguzi mkuu hufanyika Jumanne ya pili ya Agosti kila mwaka wa tano, kwa hiyo unaofuata ni tarehe 10 Agosti 2027. Walio ng'ambo nao huchagua rais: mwaka 2022 vituo vilifunguliwa katika nchi 12, zikiwemo Tanzania, Uganda, Qatar na Umoja wa Falme za Kiarabu.

Sina karatasi hata moja. Nianzie wapi?

Usianzie kwenye foleni. Anzia nyumbani. Uliza kadi ya kliniki uliyochanjwa nayo ukiwa mchanga. Mabibi huzihifadhi chini ya godoro au ndani ya msahafu. Uliza cheti cha ubatizo, au daftari la madrasa lenye jina lako na mwaka. Nenda shule ya msingi uliyosomea, hata kama uliishia darasa la tatu, uombe barua ya mwalimu mkuu. Tafuta vitambulisho vya wazazi, au vyeti vyao vya kifo. Tafuta watu wazima wawili waliojua ujauzito wa mama yako, walio tayari kuapa mbele ya kamishna wa viapo. Hakikisha jina lako limeandikwa herufi kwa herufi sawa kila mahali. Mwanaisha na Mwana Aisha, kwa kompyuta, ni watu wawili.

Piga nakala mbili za kila kitu. Karatasi zenyewe zibaki nyumbani hadi zitakapoombwa. Kisha nenda kwa naibu wa chifu asubuhi, ukiwa na mzazi au mzee wa familia, na usiondoke kabla hujaandika jina la aliyekupokea na tarehe aliyokuambia urudi.